Kinga ya mwili na urithi katika ugonjwa wa kiwele cha ng'ombe wa maziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ng'ombe wawili wanalala banda moja, wanakula malisho yaleyale, wanakamuliwa na mikono ileile. Mmoja hutoa maziwa yenye mabonge kila mvua zinapoanza, mwingine anafika uzao wa tano bila kuugua. Wafugaji wengi husema ni bahati. Kwa kiasi kikubwa si bahati: ni tundu la chuchu, ni kasi ya chembe nyeupe za damu, na ni ukoo. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mfugaji, mkamuaji na afisa mifugo anayetaka kujua kinachotokea ndani ya kiwele, na afanye nini akishajua.

Ugonjwa wa kiwele ni nini hasa?

Ni kuvimba kwa tishu za kiwele, mara nyingi sana kwa sababu bakteria wamepita kwenye tundu la chuchu. Uvimbe, joto, maumivu na mabonge havifanywi na bakteria peke yao. Sehemu kubwa ni kazi ya mwili wa ng'ombe mwenyewe unapopigana. Mabonge unayoyaona kwenye kikombe cheusi cha kukagulia ni chembe nyeupe zilizokufa, protini ya maziwa iliyoganda na vipande vya ukuta wa ndani wa kiwele.

Aina inayoonekana kwa macho ni sehemu ndogo ya tatizo. Aina iliyojificha haina uvimbe wala mabonge, maziwa ni meupe kama kawaida, lakini yanapungua na chembe nyeupe zimejaa ndani yake. Hiyo ndiyo inayomla mfugaji pesa kimyakimya.

Kinga ya kwanza iko wapi?

Kwenye ncha ya chuchu. Mfereji wa chuchu una urefu wa takriban sentimita 1, na umezungukwa na msuli unaoubana. Ndani umetandikwa keratini, utando mgumu kidogo unaofanana na nta. Keratini hunasa bakteria, ina asidi za mafuta zinazowadhuru, na sehemu yake huoshwa nje kila unapokamua kisha ikatengenezwa upya. Juu ya mfereji, pale unapofungukia ndani ya chuchu, kuna mikunjo iliyojaa chembe za kinga. Hicho ni kituo cha kwanza cha ulinzi.

Mambo matatu huharibu mlango huu kuliko mengine yote.

La kwanza ni kulala mapema. Msuli wa chuchu huchukua kati ya nusu saa na saa mbili kujibana tena baada ya kukamua. Ng'ombe akilala kwenye samadi dakika kumi baada ya kukamuliwa, mlango uko wazi na adui yuko kizingitini. Dawa yake ni rahisi: weka majani mabichi kwenye hori mara baada ya kukamua ili asimame akila.

La pili ni kukamua kwa kuvuta chuchu kwa kidole gumba na cha shahada. Ncha huota sugu na kuchanika, keratini inakuwa na nyufa, na bakteria waitwao stafilokoka hujificha humo. Bana kwa kiganja kizima, kuanzia juu kushuka, bila kuvuta. Na mafuta ya kukamulia yasichotwe kwa vidole vyenye maziwa kutoka kopo moja kwa ng'ombe wote, kwani kopo hilo huwa ghala la vijidudu.

La tatu linafanywa na watu wenye nia njema: kusukuma mdomo wa sindano ya dawa ya kiwele hadi mwisho. Mdomo mrefu hupanua mfereji, hung'oa keratini na kuisukuma ndani pamoja na bakteria wake. Safisha ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti, kisha ingiza milimita 3 tu.

Bakteria akishapita mlango huo, mwili unafanya nini?

Anakutana kwanza na chembe za ukuta wa ndani wa kiwele, zilezile zinazotengeneza maziwa. Chembe hizi zina vipokezi vinavyotambua sehemu za bakteria ambazo mwili wa ng'ombe hauna. Kipokezi kiitwacho TLR4 hutambua sumu iliyo kwenye ganda la bakteria aitwaye E. coli, na TLR2 hutambua vipande vya ukuta wa bakteria wa jamii ya stafilokoka. Makrofaji, chembe zinazozunguka ndani ya maziwa zikimeza taka, nazo zina vipokezi hivyo.

Kipokezi kikiguswa, jeni mamia huamshwa ndani ya saa chache. Baadhi hutoa ujumbe wa kuita msaada, hasa interleukini-8 na TNF. Nyingine hutoa peptidi zinazotoboa bakteria, na nyingine laktoferini, protini inayoshika madini ya chuma ili bakteria wayakose. Mishipa ya damu hulegea na nyutrofili, chembe nyeupe zinazomeza na kuua bakteria, hupenya kutoka kwenye damu kwenda kwenye maziwa. Katika kiwele chenye afya nyutrofili ni wachache. Katika robo (moja ya sehemu nne za kiwele, kila moja na chuchu yake) iliyoambukizwa vikali wanaweza kuwa zaidi ya 90% ya chembe zote.

Kasi ndiyo inayoamua matokeo. E. coli wakiwa katika maziwa ya joto la mwili hujigawa kila baada ya dakika 20 hadi 30. Tuseme wameingia 100, na wanajigawa kila nusu saa. Baada ya saa 6 ni zaidi ya 400,000, na baada ya saa 10 wamepita milioni 100. Ng'ombe ambaye nyutrofili wake wanafika mapema anaweza kumaliza vita kabla hujaona bonge hata moja. Anayechelewa kwa saa chache tu anakumbana na jeshi zima.

Tena, nyutrofili wanapigana katika mazingira magumu. Ndani ya maziwa wanameza matone ya mafuta na kasini (protini ya maziwa), nguvu zao zinaishia huko, na oksijeni ni kidogo. Ndiyo maana wanahitajika wengi sana kufanya kazi ambayo kwenye damu ingefanywa na wachache.

Kwa nini E. coli humwangusha ng'ombe kwa siku moja, na stafilokoka hukaa miaka?

Kwa sababu kinga huwajibu kwa namna mbili tofauti kabisa. E. coli wanapiga kengele kwa nguvu. Sumu ya ganda lao hugusa TLR4, ujumbe unamwagika, homa inapanda, maziwa yanakuwa kama maji yenye rangi ya majani makavu, na ng'ombe anaweza kulala asiinuke. Mara nyingi bakteria wenyewe huuawa ndani ya siku chache, ila kinachomuua ng'ombe ni sumu waliyoiacha na ukali wa mwitikio wa mwili wake. Ndiyo sababu antibayotiki ya kusukuma kwenye chuchu peke yake haitoshi kwa ng'ombe aliyelala: anahitaji maji mwilini, dawa ya kupunguza uvimbe na mara nyingi kalsiamu, na hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, siku hiyohiyo.

Staphylococcus aureus ni mwizi anayeingia bila kuvunja mlango. Kengele anayoigusa inalia kwa sauti ndogo, na chembe za ukuta hutoa ujumbe kidogo na kwa kuchelewa. Nyutrofili wanaofika wanakutana na protini A, inayoshika kingamwili kinyumenyume zisifanye kazi, na sumu zinazotoboa nyutrofili wenyewe. Kisha bakteria huingia ndani ya chembe za kiwele, hujenga utando wa ute, na mwili huwazungushia kovu. Antibayotiki haifiki vizuri humo. Huwatoa kwenye maziwa kwa vipindi: leo wengi, kesho hawaonekani. Kwa hiyo sampuli moja iliyorudi safi kutoka maabara haimsafishi ng'ombe. Chukua tatu, kwa siku tofauti.

Streptococcus agalactiae yuko katikati. Huishi zaidi ndani ya kiwele, huambukizwa na mikono na kitambaa, lakini penisilini humtoa vizuri. Ukiwa na adui wa kuchagua, chagua huyu.

Hesabu ya chembe inasema nini?

Inasema ni askari wangapi wako kwenye maziwa. Robo yenye afya huwa chini ya chembe 100,000 kwa mililita. Ikipita 200,000, chukulia kuna maambukizi hadi ithibitike vinginevyo. Umoja wa Ulaya hauruhusu maziwa ya tangi kuzidi wastani wa 400,000, na Marekani kikomo cha kitaifa ni 750,000.

Wataalamu wa uzazi hutumia alama badala ya hesabu yenyewe. Alama 3 ni chembe 100,000, alama 4 ni 200,000, alama 5 ni 400,000. Kila alama ni maradufu ya iliyotangulia. Kila hesabu inapojirudia mara mbili kuanzia 50,000, ng'ombe hupoteza kama nusu kilo ya maziwa kwa siku, kidogo zaidi kwa ng'ombe wakubwa kuliko kwa wa uzao wa kwanza.

Sina maabara. Nitazijuaje chembe hizo?

Kwa kipimo cha CMT (California Mastitis Test), kilichotengenezwa California mwaka 1957 na hadi leo hakijapata mshindani zizini. Tupa mikamuo mitatu ya kwanza ya kila chuchu, kamua kwenye kibao chenye vikombe vinne, kila robo kikombe chake. Inamisha kibao hadi kila kikombe kibaki na mililita 2 hivi. Ongeza dawa kiasi kilekile. Zungusha polepole kwa sekunde 10 hadi 15 huku ukitazama, maana matokeo hafifu hupotea ukiendelea kuzungusha.

Ute unaouona ni vinasaba (DNA). Dawa ile ni sabuni: hupasua chembe nyeupe, vinasaba vilivyo kwenye viini vyake humwagika na kushikana. Ute mwingi maana yake askari wengi. Ikibaki maji, robo ni salama. Ute hafifu unaopotea ni chembe laki chache kwa mililita. Ute mzito unaojikusanya katikati na kusimama kama kichuguu ni zaidi ya milioni 5.

Pale dawa haipatikani, gramu 30 za sabuni ya unga ya kufulia katika lita 1 ya maji safi hutoa majibu ya kukubalika, ingawa si sahihi kama dawa yenyewe. Usipime siku tano za kwanza baada ya kuzaa wala ng'ombe anayekaribia kukauka akitoa nusu lita: chembe huwa nyingi hata bila ugonjwa. Na robo moja ikitofautiana sana na zenzake tatu, hiyo ni habari kubwa kuliko namba yenyewe.

Kwa nini wengi huugua mara tu baada ya kuzaa?

Kuanzia wiki mbili hadi tatu kabla ya kuzaa mpaka wiki tatu baadaye, kinga ya ng'ombe huporomoka. Homoni za kuzaa zinabana nyutrofili wasitoke kwenye mishipa. Ng'ombe anatoa nishati nyingi kwenye maziwa kuliko anayokula, na mafuta yanayoyeyushwa mwilini kufidia pengo hilo hudhoofisha chembe nyeupe. Kalsiamu inashuka, na msuli wa chuchu unahitaji kalsiamu ili ujibane, kwa hiyo mlango unalegea wakati uleule askari wamelegea.

Kuna dirisha jingine linalosahaulika: wiki mbili za kwanza baada ya kumkausha. Bakteria hawaoshwi tena na ukamuaji, na kizibo cha keratini hakijajifunga. Baadhi ya chuchu hazizibi kabisa hata wiki 6 zikipita, hasa za ng'ombe aliyekaushwa akiwa bado anatoa maziwa mengi. Punguza chakula cha nafaka wiki moja kabla, mkaushe akiwa na maziwa machache, mpe dawa ya kukaushia kila robo au kizibo cha bismathi, na baada ya hapo usimkamue "kujaribu". Kila jaribio huondoa kizibo.

Katikati ya ukavu, mambo hugeuka. Laktoferini katika ute wa kiwele kikavu huongezeka mara nyingi kuliko ilivyo kwenye maziwa, na E. coli hawapati chuma cha kukulia. Kiwele kikavu kilichoziba ni ngome.

Chakula kinaweza kuongeza kinga?

Kinaweza kuiondolea njaa. Viwili vyenye ushahidi mzuri ni vitamini E na seleniamu, ambavyo huzuia nyutrofili wasiungue kwa kemikali wanazozitumia kuua bakteria. Ng'ombe mkavu anayekula majani makavu anahitaji takriban yuniti 1,000 za vitamini E kwa siku. Seleniamu inatosha kwa miligramu 0.3 katika kila kilo ya chakula kikavu. Isizidishwe kwa kubahatisha, kwani ni sumu kwa kiwango kisicho mbali sana na kile cha dawa. Anayekula majani mabichi ya kutosha huwa na vitamini E, na ni kiangazi kinachomaliza akiba yake. Zinki husaidia ngozi na keratini ya chuchu. Jiwe la madini lisilo na seleniamu wala zinki kwenye lebo yake ni chumvi tu.

Akishaugua mara moja, kwa nini hapati kinga ya kudumu? Chanjo ipo?

Kingamwili katika maziwa ya kawaida ni chache mno. Kiwele huzikusanya kwa wingi kwa ajili ya dang'a, kumlinda ndama, kisha mlango huo karibu ufungwe. Chache zinazobaki huyeyushwa katika lita kumi au ishirini. Halafu wadudu wanaosababisha ugonjwa huu ni jamii nyingi, na kila jamii ina aina zake, hivyo kinga dhidi ya mmoja haimgusi mwingine.

Chanjo zipo. Ile ya J5, inayotumia E. coli aliyepoteza sehemu ya nje ya ganda lake, hupunguza ukali na vifo kuliko inavyozuia maambukizi yenyewe. Ulaya kuna chanjo inayochanganya J5 na stafilokoka. Tusidanganyane: hakuna chanjo inayoweza kuchukua nafasi ya mikono safi na dawa ya kuchovya chuchu. Inafaa pale ambapo mengine yote yanafanyika na bado ng'ombe wanaangushwa na E. coli.

Robo imepona, maziwa ni safi, lakini haitoi kama zamani. Kwa nini?

Nyutrofili hutoa vimeng'enya vinavyokata kila kilicho karibu, pamoja na chembe za maziwa. Zilizokufa mahali pake huchukuliwa na kovu. Ila kuna jambo jingine la kushangaza: katika maambukizi makali ya E. coli, vinasaba vya robo iliyougua huwekewa alama za kemikali kwenye swichi ya jeni ya kasini, na swichi hiyo huzimika. Jeni haijabadilika, imefungwa. Uzao unaofuata, kiwele kikijengwa upya wakati wa ukavu, sehemu ya uwezo inaweza kurudi. Kwa hiyo usiihukumu robo kabla ya kuzaa tena, isipokuwa kama ni ngumu kama jiwe.

Ukionja chumvi kwenye maziwa, ni kwa sababu viungo kati ya chembe vimeachana na sodiamu ya damu inavuja ndani huku laktosi ikipungua. Maziwa hayo hayatoi mtindi mzito, maana kasini imeshakatwa.

Je, ugonjwa wa kiwele unarithiwa?

Ugonjwa haurithiwi. Kinachorithiwa ni uwezo wa kuuzuia. Kwa ugonjwa unaoonekana kwa macho, kiwango cha urithi ni kama 2% hadi 5%: kati ya tofauti zote baina ya ng'ombe, sehemu hiyo tu ndiyo inayopitishwa na wazazi. Kwa alama ya chembe ni kama 10% hadi 15%. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana nchi nyingi huchagua madume kwa alama ya chembe ya binti zao.

Wengi wakisikia 3% husema basi urithi hauna maana. Hapo wanakosea. Urithi mdogo maana yake huwezi kumjua dume kwa kumtazama binti mmoja au watano, kwa sababu mazingira yanaficha. Ukitazama binti mia na zaidi, mazingira yanafutana na tofauti inajitokeza wazi. Tuseme kundini ng'ombe 20 kati ya 100 huugua kila uzao: binti za dume mzuri wanaweza kuwa 15, za dume mbaya 25. Kumi kati ya mia, kila uzao, kwa bei ileile ya mrija wa mbegu.

Norwei ndiyo shule. Ilianza kuandikisha matibabu ya ng'ombe kitaifa mwaka 1975, na mwaka 1978 ikaingiza ugonjwa wa kiwele katika alama za kuchagulia madume, huku nchi nyingine zikihesabu lita tu. Nchi jirani za Nodiki zilifuata. Ng'ombe mwekundu wa Norwei leo anajulikana kwa kiwele chenye afya.

Jeni ya kinga ni ipi? Kuna kipimo cha damu cha kumjua ng'ombe sugu?

Hakuna jeni moja. Tangu jenomu ya ng'ombe, yaani vinasaba vyake vyote, ilipochapishwa mwaka 2009, kutoka kwa jike wa Hereford aitwaye Dominette, watafiti wamepata maeneo mengi, kila moja likiwa na mchango mdogo. Miaka ya nyuma matumaini yaliwekwa kwenye CXCR1, kipokezi ambacho nyutrofili hutumia kusikia wito wa interleukini-8, na kwenye BoLA-DRB3, jeni inayoonyesha vipande vya bakteria kwa chembe za kumbukumbu. Zote zina mantiki, lakini kumchagua ng'ombe kwa moja pekee hakukuleta mabadiliko ya maana kundini.

Eneo linalojirudia zaidi kwa Holstein liko kwenye kromosomu ya 6, karibu na jeni ya protini inayobeba vitamini D. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba hapo kuna kipande cha vinasaba cha herufi takriban 12,000 kinachojirudia mara tofauti kati ya ng'ombe na ng'ombe, na idadi ya marudio inahusiana na ugonjwa wa kiwele. Kwa kondoo wa maziwa wa Ufaransa, herufi moja iliyobadilika katika jeni ya SOCS2 huongeza ugonjwa, na wakati huohuo huongeza ukubwa wa mwili na maziwa. Hapo unaona kwa nini jeni mbaya hazikutoweka: wafugaji walikuwa wakizichagua bila kujua.

Kinachofanya kazi leo ni kusoma alama makumi ya maelfu za vinasaba kwa pamoja na kuzijumlisha. Marekani ilianza kuitumia rasmi kwa madume ya Holstein mwaka 2009. Kanada wametoka upande mwingine: Chuo Kikuu cha Guelph hupima moja kwa moja nguvu ya kingamwili na ya chembe za kinga, sifa zenye urithi mkubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Je, kubadilisha jeni za ng'ombe kwenye maabara?

Limefanyika. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitangaza ng'ombe wa Jersey waliowekewa jeni ya lisostafini, kimeng'enya kinachopasua stafilokoka. Walipoingiziwa stafilokoka kwenye kiwele, ni 14% tu ya robo zao zilizoambukizwa, wakati kwa wenzao ilikuwa 71%. Lakini lisostafini haimgusi E. coli wala streptokoka, na ng'ombe hao hawakufika sokoni.

Kuchagua maziwa mengi kunaongeza ugonjwa?

Ndiyo, kwa upande wa urithi vinavutana, ingawa si kwa nguvu. Ng'ombe anayekamulika haraka mara nyingi ana mfereji mpana, na mfereji mpana hupitisha vitu pande zote mbili. Kiwele kinachoshuka chini ya goti la nyuma kinapakaa matope. Ila mvutano huo si mkali kiasi cha kuzuia maendeleo: wapo madume wanaopandisha vyote viwili, na ni kazi ya mchaguaji kuwatafuta.

Swali linalofuata huwa: tukipunguza chembe mno, hatutaondoa askari? Kwa viwango vya sasa, hapana. Binti za madume wenye alama ya chini ya chembe huugua kidogo. Kinachomlinda ng'ombe ni kasi ya kuita askari wapya, kuliko wingi wa wanaokaa wakisubiri.

Zebu na chotara wana kinga kuliko Friesian?

Kwa ujumla Zebu huugua kidogo. Sehemu ya sababu ni maumbile: chuchu imara, kiwele kidogo kilicho juu. Sehemu ni kwamba hatoi maziwa mengi na hakai bandani kwenye samadi. Pia ndama hunyonya baada ya kukamua, na kunyonya huko humaliza mabaki ya maziwa ambamo bakteria wangekulia. Chotara unaweza kumfanyia hilohilo, mradi ndama asinyonye ng'ombe mmoja na kuhamia kwa mwingine. Chotara wa nusu kwa nusu bandani mwa mfugaji mdogo mara nyingi ana faida kuliko Friesian halisi, na kiwele ni moja ya sababu.

Kwenye katalogi ya mbegu niangalie nini?

Iwe unachukua kwenye vituo vya mbegu vya Usa River, Kabete, Entebbe au kwa wakala wa mbegu za nje, tazama mstari wa afya ya kiwele kabla ya lita. Katalogi za Marekani huandika SCS, ile alama ya chembe: 3.00 ni katikati, na chini ya 2.90 ni nzuri. Za Nodiki na Uholanzi hutumia 100 kama wastani, na juu yake ndiyo bora. Za Uingereza huandika asilimia ya chembe, na yenye alama ya kutoa ndiyo unayotaka. Kisha tazama kina cha kiwele na urefu wa chuchu. Hili la pili lina uzito kwetu kuliko Ulaya: huko madume yamechaguliwa kwa ajili ya mashine, na chuchu zimekuwa fupi. Mkamuaji wa mkono akipewa chuchu ya sentimita 3 atavuta kwa vidole, na tumesharudi kwenye ncha zilizochanika.

Alama hizo zimepimwa kwenye ng'ombe wa nje, wenye mashine na wadudu wa kwao. Zichukue kama mwelekeo. Mradi wa African Dairy Genetic Gains, unaoongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ulianza kukusanya takwimu za chotara wa Tanzania na Ethiopia ili madume wapimwe kwa binti wanaoishi hapa, na takwimu hizo hazina chanzo kingine isipokuwa daftari la mfugaji.

Niandike nini kwenye daftari?

Namba ya ng'ombe, jina au namba ya baba yake, tarehe ya kuzaa. Kila akiugua: tarehe, robo ipi (mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto), maziwa yalivyokuwa, dawa na tarehe maziwa yaliporuhusiwa kuuzwa kwa mujibu wa lebo. Mara moja kwa mwezi, matokeo ya CMT ya robo zote nne. Bila jina la baba, yote hayo yanasaidia kutibu lakini hayasaidii kuchagua.

Ng'ombe gani asibakishwe?

Aliyetibiwa robo ileile mara tatu katika uzao mmoja. Mwenye stafilokoka kwenye robo zaidi ya moja, aliye uzao wa tatu na kuendelea, na CMT yake haishuki hata baada ya dawa ya kukaushia: uwezekano wa kupona ni mdogo, na kila siku anaambukiza wenzake. Akiwa bado zizini, mkamue wa mwisho na umwekee kitambaa chake.

Binti yake usimhukumu kwa mama peke yake. Nusu ya urithi wake ni ya baba, na ng'ombe mmoja ni ushahidi mdogo. Ikiwa dada zake wawili au watatu wa baba mmoja nao wanaugua, mtamba huyo apandwe dume mwenye afya bora ya kiwele uliyeweza kumpata, na mbegu ya baba yake isiingie tena zizini.